Programu Nyepesi za Kusomea Nyaraka: Mkataba wa Kazi katika Laptopu Kuukuu ya Mesaimeer

Leo tutazungumzia suala ambalo kwa juujuu linaonekana dogo, nalo ni namna ya kuchagua programu nyepesi ya kusomea nyaraka katika kompyuta zinazotumia Linux na mifumo mingine iliyo katika ukoo wa Unix. Tutalitazama suala hilo kwa jicho la Mwafrika Mashariki anayeishi na kufanya kazi Mesaimeer, mjini Doha nchini Qatar, kwa sababu huko waraka anaoufungua mtu kwenye skrini mara nyingi ndio unaoamua mshahara wake, makazi yake na muda atakaokaa mbali na watoto wake.

Mesaimeer ni mtaa ulioko upande wa kusini mwa Doha, jirani na Abu Hamour. Wengi kati ya wasikilizaji wetu wa Qatar wanaufahamu kwa sababu ya eneo maalumu la makanisa, ambalo kanisa lake la Katoliki la Bikira Maria wa Rozari lilifunguliwa mwezi Machi 2008 katika ardhi iliyotolewa na Amiri wa wakati huo, Sheikh Hamad bin Khalifa Al Thani. Siku ya Ijumaa, ambayo ndiyo ya mapumziko, maelfu ya wafanyakazi wa kigeni humiminika huko, na miongoni mwao hukosi kusikia Kiswahili cha Mombasa, cha Kampala na cha Dar es Salaam. Ni walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli, wasafishaji na wauguzi. Wanapokutana, mazungumzo hayachelewi kufika palepale: mkataba unasemaje?

Nyaraka hizo siku hizi aghalabu haziji kwa karatasi. Huletwa kwa barua pepe au kwa WhatsApp zikiwa katika muundo wa PDF: mkataba, hati ya mshahara, barua ya kupewa kazi, nakala ya kitambulisho. Wengi huzifungua kwenye simu, na kwa mtu anayetaka kutupa jicho la haraka simu inatosha. Lakini anayetaka kulinganisha safu ya Kiarabu na safu ya Kiingereza katika mkataba wa kurasa kumi, mstari kwa mstari, atahitaji skrini pana zaidi. Hapo ndipo inapoingia laptopu ya mitumba inayotumiwa na watu watatu au wanne wa chumba kimoja. Tarehe 14 Oktoba 2025 shirika la Microsoft lilisitisha huduma zake za kawaida kwa mfumo wa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11. Baadhi ya wenye kompyuta hizo wameamua kuweka Linux badala ya kuzitupa. Mashine inafufuka, lakini inabaki na RAM yake ileile ya gigabaiti 2, na kila programu inayofunguliwa lazima ipimwe kwa kipimo hicho.

Kabla hatujaingia katika programu zenyewe, inafaa kuashiria kwa nini usomaji wa waraka una uzito mkubwa kiasi hiki. Sheria ya Kazi ya Qatar nambari 14 ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 9, inataka mikataba na nyaraka nyingine zinazotajwa na sheria hiyo ziandikwe kwa Kiarabu. Mwajiri anaruhusiwa kuambatanisha tafsiri kwa lugha nyingine, lakini pakitokea tofauti baina ya matini hizo mbili, ile ya Kiarabu ndiyo inayofuatwa. Kwa maneno mengine, safu ambayo mlinzi kutoka Kilifi au dereva kutoka Jinja anaisoma kwa raha siyo safu inayomfunga kisheria. Aidha, kwa mujibu wa sheria nambari 17 ya mwaka 2020, iliyoanza kutekelezwa tarehe 20 Machi 2021, kima cha chini cha mshahara nchini humo ni riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asiyetoa makazi wala chakula anapaswa kuongeza riyali 500 kwa makazi na riyali 300 kwa chakula. Tuziweke akilini tarakimu hizo tatu, maana tutazihitaji baadaye.

Sasa tuje kwenye PDF yenyewe. Muundo huu ulibuniwa na shirika la Adobe na kutolewa kwa umma mwaka 1993, na mwaka 2008 ukawa kiwango rasmi cha kimataifa cha ISO. Faili la PDF halihifadhi ukurasa kama picha iliyokamilika, bali huhifadhi maagizo: weka herufi hii mahali hapa, chora mstari pale, bandika picha hii kwa ukubwa huu. Kazi ya programu ya kusomea ni kuyatekeleza maagizo hayo na kuuchora ukurasa upya kila mara. Sehemu ya ndani inayofanya uchoraji huo ndiyo tunayoiita injini, na kama ilivyo kwa magari, majina mengi yaliyoko sokoni yamefunika injini chache tu.

Uzito unatoka wapi basi? Kwa kiasi kikubwa unatoka kwenye picha. Chukueni mfano wa mkataba uliopigwa skana kwa kipimo cha nukta 300 kwa inchi. Ukurasa mmoja wa A4 unakuwa na upana wa pikseli 2,480 na urefu wa pikseli 3,508, yaani karibu pikseli milioni 8.7. Ikiwa kila pikseli inachukua baiti nne katika kumbukumbu, ukurasa huo mmoja ukifunguliwa wote kwa rangi unameza takribani megabaiti 35, hata kama faili lenyewe kwenye diski ni dogo sana. Programu itakayoamua kuzitayarisha kurasa kumi kwa pamoja ili msomaji asisubiri itakuwa imechukua megabaiti 350 kwa mkataba mmoja. Kwa upande mwingine, programu inayouchora ukurasa kwa kadiri ya skrini tu, tuseme skrini yenye upana wa pikseli 1,366, na kuusahau mara unapopita, inaweza kutosheka na sehemu ndogo ya kiasi hicho. Wepesi, kwa hiyo, ni jinsi programu inavyokumbuka na inavyosahau, mbali na ukubwa wake kwenye diski.

Historia ya injini hizi ni fupi na inasaidia katika kuchagua. Mwaka 1995 Derek Noonburg alitoa programu iitwayo Xpdf, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa tegemeo la watumiaji wa Unix. Kwa kuwa msimbo wake ulikuwa wazi, waandishi wa programu nyingine waliunakili na kuutia ndani ya kazi zao. Matokeo yake ni kwamba kila kasoro ya usalama iliyogunduliwa katika Xpdf ilibidi irekebishwe katika kila nakala kando kando. Ili kuondoa adha hiyo, mwaka 2005 msimbo huo ulitengwa na kufanywa maktaba moja ya pamoja iliyopewa jina la Poppler. Evince, Okular, Atril, Xreader na qpdfview zote huchora kurasa za PDF kwa kutumia Poppler. Injini ya pili mashuhuri ni MuPDF, iliyoandikwa upya kuanzia msingi na ambayo sasa inamilikiwa na kampuni ya Artifex. Adobe yenyewe ilikuwa na programu yake kwa ajili ya Linux, lakini toleo la mwisho lilikuwa la mwaka 2013. Anayeliweka hadi leo anatumia kitu ambacho hakijazibwa tundu hata moja tangu wakati huo, nasi hatumshauri.

Tukianza na iliyo nyepesi zaidi, MuPDF haina menyu wala vitufe vya kubofya. Kinachoonekana ni ukurasa peke yake. Mtu huandika nambari ya ukurasa kisha herufi g, hutafuta neno kwa alama ya mkwaju, hupanua ukurasa ujaze upana wa dirisha kwa W kubwa. Inafunguka papo hapo hata katika mashine iliyochoka. Zathura inafanana nayo kwa tabia, ila yenyewe si injini bali ni ganda: mtumiaji huchagua kama ndani yake itumike Poppler au MuPDF. Inaendeshwa kwa kibodi kama mhariri wa Vim, na anayebonyeza herufi d ataziona kurasa mbili zikiwa ubavu kwa ubavu, jambo linalofaa sana pale matini ya Kiarabu inapokuwa katika ukurasa mmoja na tafsiri yake katika ukurasa unaofuata.

Kuna faida moja ya programu zisizo na menyu ambayo haitajwi mara kwa mara. Mradi wa Kilinux, uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, lakini programu nyingi za kusomea nyaraka bado zinamsemesha Mswahili kwa lugha ya kigeni. Programu isiyosema neno lolote, angalau haimlazimishi mtu kujifunza maneno ya menyu kabla ya kusoma waraka wake.

Ama kwa asiyependa kukariri herufi za kibodi, ziko programu za daraja la kati. Atril huja na mazingira ya MATE na pia hupatikana katika Xubuntu. Xreader huja na Linux Mint. Qpdfview ni chaguo zuri katika Lubuntu. Zina vitufe vya kawaida, orodha ya kurasa pembeni, na hazilemei sana. Evince, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa ndiyo programu ya mazingira ya GNOME, ilirithiwa na mpya iitwayo Papers mwaka 2025. Na juu kabisa iko Okular ya KDE, yenye uwezo wa kujaza fomu, kuandika maelezo pembeni na kukagua saini za kielektroniki. Wengi huiita nzito, na ni kweli kwamba ukiiweka katika mashine isiyokuwa na KDE inakuja na msafara mrefu wa maktaba. Lakini uzito wa kuipakua usichanganywe na uzito wa kuitumia: mwaka 2022 Okular ilipata nembo ya mazingira ya Ujerumani iitwayo Malaika wa Buluu, ikiwa programu ya kwanza ya kompyuta kutunukiwa nembo hiyo, na miongoni mwa vigezo vilivyotazamwa ni kiasi cha umeme inachotumia.

Kama suala lingekuwa kasi peke yake, makala ingeishia hapa na tungesema tumieni MuPDF au Zathura. Lakini kuna jambo ambalo, kwa maoni yetu, lina uzito zaidi ya kasi, nalo ni kile ambacho programu inakiacha bila kukuambia.

Mikataba mingi hutengenezwa kwa kujaza fomu iliyo tayari. Maneno ya kudumu yameshachapwa, na panapohusika jina, tarehe na mshahara pameachwa visanduku. Katika PDF, kile kilichoandikwa ndani ya kisanduku na sura yake inayoonekana kwenye ukurasa ni vitu viwili tofauti vinavyohifadhiwa mahali pawili. Programu iliyotumika kujaza inaweza kuhifadhi tarakimu 1,000 bila kuichora, ikaacha alama tu inayoiagiza programu ya kusomea ichore yenyewe. Programu kamili itatii. Programu nyepesi, hasa matoleo ya zamani, inaweza kupuuza agizo hilo na kuonyesha kisanduku kitupu. Msomaji ataona mkataba safi, wenye maneno yote ya sheria, ambao mahali pa mshahara hapana kitu. Atadhani kwamba hapajajazwa bado. Na upo uwezekano mbaya zaidi: sura ya zamani ibaki ilivyokuwa huku thamani iliyo ndani imebadilishwa, na hapo programu mbili zitaonyesha mishahara miwili tofauti kutoka faili moja.

Njia ya kulikagua jambo hili ni rahisi na haihitaji programu nzito. Kifurushi cha zana za MuPDF kina amri iitwayo mutool. Ukiandika katika dirisha la amri

mutool show mkataba.pdf form

utaorodheshewa visanduku vyote vya fomu pamoja na thamani zilizomo. Linganisha orodha hiyo na unachokiona kwenye ukurasa. Vilevile kifurushi cha zana za Poppler kina amri ya pdfinfo, ambayo pamoja na mengine hueleza kama faili lina fomu au halina, na kama ipo ni ya aina gani. Ukiona neno XFA, fahamu kwamba hiyo ni aina ya pekee ambayo programu tulizozitaja haziimudu. Zitakuonyesha ukurasa mmoja tu wenye ujumbe wa kukutaka usubiri, nawe utasubiri hadi kesho. Kivinjari cha Firefox kimekuwa na uwezo wa kufungua fomu hizo tangu mwaka 2021, kwa hiyo kwa faili la namna hiyo ni bora kuuvumilia uzito wake kwa dakika chache.

Jambo la pili ni herufi za Kiarabu. Wengi hudhani kuwa programu nyepesi haiwezi kuonyesha maandishi yanayokwenda kutoka kulia kwenda kushoto. Dhana hiyo kimsingi si sahihi. Ndani ya PDF herufi zimeshaunganishwa na kupangwa na programu iliyotengeneza waraka, na anayesoma anazichora tu mahali zilipo. Sharti ni kwamba fonti iwe imetiwa ndani ya faili. Isipotiwa, programu hutafuta fonti nyingine inayokaribiana nayo katika kompyuta yako, na kama haipo matokeo yake ni visanduku vitupu au herufi zilizoachana. Amri ya pdffonts huorodhesha fonti zote za waraka, na katika safu yenye kichwa emb husema yes kwa iliyomo ndani na no kwa isiyokuwemo. Ukiona no mbele ya fonti ya Kiarabu, usiuamini ukurasa unaouona. Mwombe aliyekutumia akuletee nakala nyingine.

Kutafuta neno la Kiarabu ni habari nyingine. Kwa sababu herufi zinahifadhiwa kwa maumbo yao na pengine kwa mpangilio uliogeuzwa, neno lililo mbele ya macho yako linaweza lisipatikane ukilitafuta. Kutopatikana kwa neno si ushahidi kwamba halimo.

Kisha kuna tarakimu zenyewe, na hapa tunawaomba wasikilizaji wetu watege sikio vizuri. Katika safu ya Kiarabu mara nyingi mshahara huandikwa kwa tarakimu za Kiarabu cha Mashariki. Waliosoma madrasa Lamu, Tanga au Unguja wanazijua, lakini wengine wengi hawazijui. Katika tarakimu hizo sifuri ni nukta ndogo, ilhali tano ni duara, na duara hilo kwa jicho lililozoea tarakimu za kizungu linafanana mno na sifuri. Kwa hiyo 500 huonekana hivi: ٥٠٠. Na 1,000 huonekana hivi: ١٠٠٠. Nukta tatu zikifuata mstari mmoja mfupi, hiyo ndiyo elfu moja. Katika mkataba uliopigwa skana kwa kipimo hafifu nukta hizo huwa vumbi, na programu inayopunguza picha kwa haraka bila kulainisha kingo inaweza kuipoteza nukta moja kabisa. Elfu ikawa mia, au tuseme ikaonekana hivyo. Kwa sababu hii, unapozilinganisha programu mbili nyepesi, usizipime kwa kufungua kitabu chenye herufi kubwa. Fungua ukurasa wenye tarakimu ndogo, upanue mara tatu au nne, na utazame iliyoionyesha nukta vizuri.

Wakati mwingine, hata hivyo, kosa haliko kwenye programu ya kusomea bali limo ndani ya faili. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alionyesha kwamba baadhi ya mashine za kunakilia za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu katika nyaraka zilizopigwa skana, sita ikawa nane, kwa sababu ya mbinu ya kubana picha iliyokuwa ikifananisha maumbo yanayokaribiana. Hakuna programu ya kusomea, iwe nyepesi au nzito, inayoweza kuirejesha tarakimu iliyopotea kwa namna hiyo. Kwa waraka wa skana unaohusu fedha, karatasi ya asili inabaki kuwa ndiyo marejeo.

Waraka wa skana pia hauna maandishi ya kunakili wala ya kutafuta. Programu huria ya Tesseract inaweza kuyasoma maandishi kutoka kwenye picha, na ina data ya lugha ya Kiarabu na hata ya Kiswahili. Hukosea, tena hukosea zaidi katika Kiarabu, lakini huweza kumsaidia mtu kupata maneno ya kumpelekea rafiki anayeijua lugha hiyo ayatazame.

Ama kuhusu saini za kielektroniki, programu nyepesi nyingi huonyesha alama ya saini kama picha tu, bila kuhakiki chochote. Picha ya muhuri siyo muhuri. Poppler ina amri ya pdfsig inayosema kama faili lina saini ya kweli, nani aliyeitia na kama waraka umebadilishwa baadaye. Okular hufanya hivyo kwa njia ya madirisha. Hata hapo tahadhari inahitajika: mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr mjini Bochum nchini Ujerumani walizijaribu programu 22 za kusomea PDF kwenye kompyuta na wakafanikiwa kuzihadaa 21 kati yake kuhusu saini. Nyingi zilirekebishwa baadaye, na hiyo ni sababu nyingine ya kutotumia toleo la zamani kwa kisingizio cha wepesi.

Sasa tukumbuke kwamba laptopu yetu ya Mesaimeer inatumiwa na watu kadhaa. Programu za kusomea zina tabia ya kukumbuka faili ulilolifungua na ukurasa ulioishia. Kwa msomaji wa riwaya hiyo ni hisani, lakini kwa aliyefungua nakala ya pasipoti au hati ya mshahara katika kompyuta ya watu wanne ni kumfunulia jirani mambo yake. Evince na wenzake huandika katika orodha ya mafaili ya karibuni ya mfumo. Zathura ina kumbukumbu yake katika folda ya.local/share/zathura, ile MuPDF ya asili ndiyo isiyojishughulisha sana na mambo haya. Suluhisho bora ni kila mtu awe na akaunti yake yenye nywila. Na kama hati ya mshahara imefungwa kwa neno la siri, lisiandikwe pamoja na amri katika dirisha la amri, kwani historia ya amri hulihifadhi. Subiri programu ikuulize.

Wepesi una faida yake pia katika usalama. Programu inayofungua PDF, vitabu vya katuni, faksi na miundo mingine kumi ina milango kumi ya kulinda. Mwaka 2017 iligunduliwa kwamba faili la kitabu cha katuni lililotengenezwa kwa hila lingeweza kuifanya Evince itekeleze amri za mshambuliaji, ilhali watumiaji wengi hata hawakujua kwamba programu hiyo inasoma katuni. Katika Zathura kila muundo ni kiambatisho kinachowekwa peke yake, na usichokiweka hakiwezi kushambuliwa.

Tukizungumzia gharama, anayetumia vifurushi vya intaneti vya simu hana haja ya kubahatisha. Katika Debian, Ubuntu na Linux Mint, amri ya apt install hutaja kiasi cha megabaiti kitakachopakuliwa kabla ya kuanza, na mtu anaweza kujibu hapana. Jaribuni kwa zathura, kisha kwa okular, mzilinganishe tarakimu hizo mbili. Katika mashine yenye Xfce au LXQt tofauti yake huwa kubwa. Watumiaji wa FreeBSD na OpenBSD nao watazipata programu hizi katika hazina za mifumo yao.

Kwa mashine ya gigabaiti 2 tuliyoitolea mfano, chaguo letu lingekuwa Zathura yenye injini ya Poppler kwa usomaji wa kila siku, au Atril kwa asiyetaka kuachana na kipanya, pamoja na vifurushi vya poppler-utils na mupdf-tools kwa ajili ya amri tulizozitaja. Okular ingepakuliwa siku moja ambapo mtandao ni wa bure, ikakaa akiba kwa siku ya kujaza fomu au kukagua saini. Na siku unapoletewa mkataba wa kutia saini, ufungue kwa injini zote mbili, Poppler na MuPDF, madirisha yakiwa ubavu kwa ubavu, na utazame visanduku vitatu tu kwanza: mshahara, makazi na chakula. Dirisha moja likionyesha tarakimu ambayo jingine halionyeshi, usitie saini mpaka aliyekuletea akupe karatasi.